Chembe nyeupe za mtoto wa sikoseli

Ukitaja sikoseli mbele za watu, wengi watakuelezea chembe nyekundu zilizopinda kama mundu. Shuleni ndivyo tulivyofundishwa, na si uongo. Ila mimi nafanya kazi maabara, kwenye hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, na tangu nianze kazi kilichonishughulisha ni chembe nyingine, zile nyeupe. Mtoto wa sikoseli analetwa kliniki Jumanne, siku yake ya kawaida, hana homa, hana kikohozi, anakunja kadi yake ya kliniki mpaka mama anamnyang'anya, halafu FBP yake, kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu, inatoka na chembe nyeupe 17,000, au 19,000. Angekuwa mtoto mwingine ningemwambia sista amuwahishe kwa daktari haraka, huenda ana maambukizi makali. Kwa huyu, hiyo ndiyo hali yake ya Jumanne.

Mzee aliyenipokea kazini alikuwa na tabia ya kuisogeza pembeni karatasi ya mashine bila hata kuisoma. "Mdogo wangu, weka slaidi kwanza," anasema. Alikuwa na sababu. Uboho wa mgonjwa wa sikoseli unafanya kazi usiku na mchana kufidia damu inayovunjika, na kwa haraka hiyo unaachia chembe nyekundu changa ambazo bado zina kiini. Mashine nyingi zikiona kiini zinahesabu chembe nyeupe. Kwa hiyo unapaka damu kwenye kioo, unaipiga rangi, unakaa kwenye hadubini na kuhesabu: katika kila chembe nyeupe 100, hizi changa nyekundu ni ngapi? Kisha unapiga hesabu ya kusahihisha. 19,000 inashuka, tuseme, mpaka 15,000. Bado iko juu. Ukitoa uongo wote wa mashine, mtoto ambaye leo haumwi bado ana damu ya mtu anayepigana na kitu.

Kitu hicho ni inflamesheni, ule mwitikio wa mwili unaoleta joto, wekundu, uvimbe na maumivu pale penye jeraha au vijidudu. Kwa mgonjwa wa sikoseli hausubiri kijidudu. Umewashwa muda wote, ndani ya mishipa ya damu, na mara kwa mara unalipuka.

Chanzo ni kidogo mno. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ni tofauti, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaikuta tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta, asidi amino ya 6, ambayo ingepaswa kuwa glutamiki, ni valini. Basi. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni inagandamana kuwa nyuzi, na chembe inakakamaa. Chembe nyekundu ya kawaida inaishi siku kama 120. Hii inaishi kati ya 10 na 20. Ikipasuka inamwaga himoglobini kwenye maji ya damu, na himoglobini iliyo nje ya chembe ni sumu: inaimeza nitriki oksaidi, ambayo kazi yake ni kulegeza mishipa, na inauchokoza ukuta wa mshipa wenyewe. Ukuta uliochokozwa unatoa protini za kunata, mojawapo inaitwa P-selektini. Chembe nyeupe zinanasa hapo, nyekundu zilizokakamaa zinanasa juu yake, na nyuma yao damu inapanga foleni kama magari yanayongoja pantoni. Sehemu iliyo mbele inakosa oksijeni. Hiyo ndiyo krisisi, yale maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima anayalilia kwa sauti.

Mpwa wangu alianza na mikono na miguu. Alikuwa hajafikisha mwaka, vidole vimemvimba vyote, hakubali kuguswa. Bibi yake alimchua kwa mafuta ya nyonyo na kusema mtoto kalaliwa vibaya. Dada akanipigia, nikamwambia amlete. Siku hizo tulikuwa bado tunatumia kipimo cha zamani: tone la damu juu ya slaidi, tone la sodiamu metabaisalfaiti ya kuondoa oksijeni, kioo chembamba juu yake, na pembeni unaziba kwa rangi ya kucha ili hewa isiingie. Unasubiri. Ukirudi kwenye hadubini baada ya nusu saa, chembe zilizokuwa duara zimenyooka na kuchongoka ncha, moja baada ya nyingine. Kipimo hicho hakikuambii kama mtu anaumwa au amebeba tu kinasaba kimoja, kwa hiyo sampuli ilipelekwa kwingine kwa elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Ikarudi SS, yaani vinasaba viwili vya sikoseli, mgonjwa. Dada na shemeji kila mmoja AS, amebeba kimoja tu, hakuna aliyewahi kujua.

Hapa kwetu kinasaba hicho hakikuja kwa bahati mbaya. Anthony Allison, daktari na mtafiti aliyekulia Kenya, alisafiri nchini humo mwaka 1949 akipima damu za watu na kuona kwamba wenye kinasaba ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu zenye baridi. Akahisi malaria. Mwaka 1954 akachapisha jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelipitisha: wanaume Waluo 30 waliojitolea, 15 wenye kinasaba na 15 wasio nacho, wote wakaambukizwa malaria makusudi. Kwa wasio na kinasaba, 14 walipata vimelea. Kwa wenye nacho, 2. Baadaye watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walipima jambo hilo hilo kwa watoto kwa njia ya kistaarabu zaidi, na wakakuta kwamba AS inamkinga mtoto dhidi ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Mwenye SS hana bahati hiyo; malaria ikimkuta inamuua upesi. Shikilia hapo kwenye malaria, maana ndiyo iliyotuchelewesha kuipata dawa.

Dawa yenyewe, haidroksiurea, ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869 na kwa karibu karne nzima haikuwa na kazi ya maana. Kisha ikawa dawa ya saratani za damu. Wataalamu walikuwa wanajua toka 1948, kutokana na kazi ya Janet Watson huko New York, kwamba mtoto mchanga wa sikoseli haugui miezi ya mwanzo kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni, ile ya F, ambayo inazuia nyuzi kugandamana. Ilipogundulika kwamba haidroksiurea inaiamsha tena himoglobini F, wakaijaribu kwa watu wazima 299 nchini Marekani na Kanada. Jaribio lilisimamishwa mapema, Januari 1995, kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana: waliomeza dawa bandia walipata krisisi wastani wa 4.5 kwa mwaka, waliomeza haidroksiurea 2.5. Mwaka 1998 ikaidhinishwa rasmi Marekani.

Sasa, huku kwenye maabara, kilichonivutia katika dawa hii si himoglobini F peke yake. Inashusha chembe nyeupe. Wengine wanaliita hilo dhara lake. Lakini mwaka 1994 Orah Platt na wenzake walishachapisha ufuatiliaji wa wagonjwa 3,764 huko Marekani, na mmoja wa viashiria vya kufa mapema ulikuwa wingi wa chembe nyeupe. Na dawa za kupandisha chembe nyeupe, zile wanazopewa watu wa saratani, zimewahi kuwasababishia watu wa sikoseli krisisi kali na hata vifo. Ukiyaweka haya pamoja, hilo "dhara" linaanza kuonekana kama nusu ya tiba. Dawa inapunguza mafuta ya ule moto.

Na kumbe hapo hapo ndipo hofu ilipokuwa. Mtoto wa Marekani ukimshusha chembe nyeupe, utamwangalia homa. Mtoto wa Mbale, Uganda, au wa Kilifi ukimshusha, vipi malaria? Vipi nimonia? Swali lilikuwa halali kabisa, sitawacheka waliouliza. Lakini lilikaa bila kujibiwa kwa zaidi ya miaka 20 tangu 1995, na lisingeweza kujibiwa Boston wala Baltimore. Lilihitaji mahali penye mbu.

Jibu la kwanza lilitoka Kampala, mwaka 2017. Robert Opoka na wenzake wa hospitali ya Mulago waliwagawa watoto wadogo zaidi ya 200 kwa kura, nusu haidroksiurea, nusu dawa bandia, wote wakiwa na vyandarua na dawa ya kinga. Baada ya mwaka mmoja malaria ilikuwa chache pande zote mbili, haikuzidi kwa waliomeza dawa. Jibu la pili lilikuwa kubwa zaidi: utafiti wa REACH, katika vituo vinne, Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Watoto 606 wa kati ya mwaka 1 na 10 walianzishiwa dawa. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018 na makala ikachapishwa mwanzoni mwa 2019, jina la kwanza likiwa la Léon Tshilolo wa Kinshasa. Chukua watoto 100, wafuatilie mwaka mmoja. Kabla ya dawa, maumivu yangetokea mara 98. Baada ya dawa, mara 45. Kuongezewa damu, kutoka mara 43 hadi 14. Vifo, kutoka 3.6 hadi 1.1. Na malaria, ile iliyotutia hofu miaka yote, kutoka 47 hadi 23.

Ilishuka! Nilisoma jedwali lile nikarudi juu kuangalia kama nimechanganya safu.

Sitaki kulipamba. REACH haikuwa na kundi la dawa bandia. Watoto walilinganishwa na wao wenyewe katika miezi miwili ya kabla ya dawa, na mtoto aliye kwenye utafiti anapimwa, anafuatwa kwa simu, anapewa chandarua. Sehemu ya ule unafuu ni ya uangalizi. Ndiyo maana ninauthamini ule mdogo wa Kampala uliotangulia, wenye kura: ukisoma moja bila nyingine unapata nusu ya habari.

Dada yangu hakutaka jedwali. Alinipigia akiwa ameshika boksi. "Kaka, karatasi ya humu ndani inasema ni dawa ya saratani. Unataka nimpe mwanangu dawa ya saratani?" Nikamwambia ndiyo, ni hiyo hiyo, na kwamba karatasi iliandikwa kwa ajili ya watu wengine. Hakuridhika. Aliridhika kliniki, baada ya kuongea na mama mwingine kwenye benchi ambaye mwanaye alikuwa ameimaliza darasa la tatu bila kulazwa. Wataalamu wa uhamasishaji wangejifunza mengi kwenye lile benchi.

Kuna kitu kingine ambacho dawa hii inafanya na watu wengi hawakijui: inaongeza ukubwa wa chembe nyekundu. Kwenye FBP kuna mstari unaoonyesha ukubwa huo, unaitwa MCV. Mtoto anayemeza dawa vizuri, MCV yake inapanda taratibu, kutoka 78 hadi 90, hadi mia na kitu. Akiacha, inashuka. Kwa hiyo kabla mama hajafungua mdomo, mimi nimeshajua. Kuna mama mmoja anatoka Sengerema, mtu makini, kadi yake ya mwanaye ameifunika kwa nailoni. MCV ya mtoto ilikuwa 101, ikarudi 84. Alipopita dirishani kuchukua majibu nikamuuliza kwa upole, "Mama, dawa zinaendelea?"

"Zinaendelea, daktari."

"Mimi si daktari, mama. Ila damu inaonyesha zimepungua."

Akanyamaza, akatazama nyuma kama kuna anayesikiliza. Duka la dawa la huko kwao lilikuwa halina, la mjini lilikuwa nayo lakini kwa bei ambayo ingekula nauli ya kurudi, basi akawa anampa mtoto siku moja, anaruka mbili, ili boksi lifike mwisho wa mwezi ujao. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa anabajeti. Haidroksiurea iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, na inakadiriwa kuwa Tanzania peke yake inazaa watoto 11,000 wa sikoseli kila mwaka, lakini dawa kuwa orodhani na dawa kuwa kwenye rafu ya Sengerema ni safari mbili.

Wakati huo huo, kwingine duniani fedha zilikuwa zinamwagika kwenye dawa mpya, na hapa nitapita haraka kwa sababu mwisho wake haufurahishi. Crizanlizumab ilitengenezwa kuizuia ile P-selektini moja kwa moja. Jaribio la kwanza, la wagonjwa 198, lilipunguza krisisi, Marekani ikaiidhinisha mwaka 2019. Jaribio kubwa lililofuata halikuona tofauti na dawa bandia, na mwaka 2023 Ulaya ikaifutia kibali. Voxelotor, iliyoidhinishwa mwezi ule ule wa Novemba 2019, ilipandisha himoglobini vizuri tu kwenye karatasi. Septemba 2024 Pfizer wakaiondoa sokoni dunia nzima baada ya vifo kuonekana kuzidi kwa waliokuwa wakiitumia katika majaribio. Na Casgevy, tiba ya kuhariri vinasaba, inafanya kazi kweli, lakini Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, na kabla yake unachomwa uboho kwa dawa kali. Kinachonichekesha ni kwamba inachofanya Casgevy ni kuiamsha himoglobini F. Njia nyingine ya kufika pale pale kinapofika kidonge cha mwaka 1869, ingawa inafika vizuri zaidi na inakaa.

Moyo nao una habari yake. Mtu mwenye himoglobini ya 7, iliyo chini mno, maisha yake yote anahitaji moyo usukume damu nyingi zaidi ili mwili upate oksijeni ile ile. Moyo unatanuka. Miaka ikienda, misuli inakuwa migumu, haijai vizuri, na mishipa ya mapafu, iliyonyimwa nitriki oksaidi, inabana. Mwaka 2004 Mark Gladwin na wenzake waliwapima kwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, watu wazima 195 na kukuta asilimia 32 wana dalili ya presha kubwa ya mapafu, na hao ndio waliokufa zaidi. Wakafikiria dawa ya sildenafil, ambayo inalegeza mishipa hiyo kwa wagonjwa wengine. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu waliomeza walilazwa zaidi kwa maumivu. Hapo ndipo utajua kwa nini hatuwezi kuazima jibu la ugonjwa mmoja na kulipeleka kwenye mwingine, hata kama mshipa ni ule ule.

Zamani swali la moyo halikutusumbua sana, kwa sababu ya kusikitisha: watoto hawakufika umri huo. Kundi la wagonjwa ambalo Julie Makani na wenzake walianza kulifuatilia Muhimbili mwaka 2004, ambalo kwenye ripoti yao ya 2011 lilikuwa na watu zaidi ya 1,700, lilionyesha kiwango cha vifo kikiwa juu zaidi kwa walio chini ya miaka 5. Sasa wanaanza kukua. Mpwa wangu yuko sekondari, na mwaka jana walimpima eko kwa mara ya kwanza. Upande wa kushoto umetanuka kidogo, wakasema tuendelee na dawa na tumrudishe. Hakuna aliyetuambia zaidi ya hapo, na sidhani kama kuna mwenye la kutuambia kwa uhakika, maana watu wazima waliokunywa haidroksiurea tangu utotoni katika nchi zenye malaria ndio kwanza wanapatikana.

Kilichobaki kwa upande wangu ni suala la dozi. Mwaka 2020 timu ile ile ya Uganda ilichapisha jaribio la watoto 187: nusu walibaki na dozi moja, nusu walipandishwa kidogo kidogo kadiri damu yao ilivyoruhusu. Lilisimamishwa mapema pia. Waliopandishwa, asilimia 86 walifikia lengo la himoglobini. Waliobaki palepale, 37. Maana yake, mtoto anayepewa dozi ya kuanzia na kuachwa nayo miaka mitatu anapata sehemu tu ya faida ya dawa. Lakini huwezi kupandisha bila kuhesabu. Neutrofili, zile chembe nyeupe za kupambana na bakteria, zikishuka sana, miongozo mingi inasema chini ya 1,000 kwa mikrolita, unasimamisha, unasubiri zipande, unarudi chini kidogo. Kila hatua ni FBP.

Na FBP inahitaji riejenti, yaani kemikali za mashine. Zikiisha, mashine ni samani. Nimeona fomu za kliniki zikirudi na maneno "hakuna riejenti" miezi miwili mfululizo, na daktari, kwa tahadhari inayoeleweka, anaandika "endelea na dozi ile ile." Wengine wanasimamisha kabisa. Kusimamisha sikubaliani nako. Katika REACH hata ile dozi ya mwanzo, kabla ya kupandishwa, iliwapa watoto usalama wa kutosha, na krisisi inaua kuliko neutrofili ambazo hazijahesabiwa wiki mbili. Lakini hayo ni maoni ya mtu wa maabara, dozi ya mwanao muulize daktari wake.

Kwa wenzangu wa maabara, hata hivyo, nina neno moja. Chemba ya Neubauer, kile kioo cha kuhesabia chembe kwa macho, bado iko kabatini, na maji ya Turk yanatengenezwa kwa asidi asetiki na rangi kidogo. Changanya 1 kwa 20, jaza, hesabu miraba minne ya pembeni, kisha weka slaidi upate asilimia ya neutrofili. Inachukua kama robo saa kwa mtoto mmoja, na kwa uamuzi wa kupandisha au kushusha dozi inatosha. Kliniki yetu ni Jumanne. Mashine ikiwa imesimama, Jumatatu jioni naosha chemba na kumuomba sista anipangie watoto wa haidroksiurea mwanzo wa foleni, ili daktari awe na namba zao kabla ya saa sita.